Udongo Upi Ununue kwa Tangi la Mimea Lisilo na Mtungi wa Gesi

Mimea inayooteshwa ndani ya tangi la samaki huhitaji hewa ya ukaa ili ikue, lakini maji yaliyotulia wazi hewani hubaki na takribani miligramu 0.5 tu ya gesi hiyo kwa lita, ilhali wanaoiingiza majini kwa mitungi hulenga miligramu 30. Katika tangi lisilo na mtungi, sehemu ya pengo hilo huzibwa na bakteria wanaotoa hewa ya ukaa wanapoozesha mabaki ya majani na mizizi yaliyomo udongoni. Anayenunua udongo, basi, kwa hakika ananunua uozo, na uozo unaofaa ni wa taratibu.

Chaguo langu la kwanza ni udongo mweusi wa miche unaouzwa kwenye vitalu vya maua kando ya barabara za Dar es Salaam, mradi muuzaji akuhakikishie kwamba haukuchanganywa na samadi wala mbolea ya chumvichumvi, kwa kuwa hizo huachia amonia inayoua samaki. Tangi lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 30 huhitaji tabaka la sentimita 2.5, yaani lita 4.5, ambazo hazifiki hata robo ya ndoo ya lita 20. Usikubali kubebeshwa kiroba kizima, isipokuwa una bustani. Uchekeche, uondoe vijiti vinavyoelea, kisha uufunike kwa changarawe ndogo.

Mboji iliyoiva inashika nafasi ya pili, na itumike kwa kuchanganya sehemu moja na sehemu tatu za udongo mwekundu. Ikiwa peke yake, katika joto letu huoza upesi mno, ikamaliza oksijeni na kutoa harufu ya mayai viza.

Punje za udongo uliookwa, kama ADA Amazonia ya Japani, ni safi na hazichafui maji kwa tope, lakini nazo huachia amonia wiki za mwanzo, na bei yake ndiyo iliyozishusha hadi nafasi ya tatu.

Mchanga wa ufukweni ninauweka mwisho. Umwagie siki: ukitoa mapovu, una chokaa ya makombe na matumbawe, itakayoyafanya maji kuwa magumu. Mapovu hayo ni hewa ya ukaa kweli, ila siyo tunayoitafuta.

Pampu ya mapovu usiinunue bila sababu, kwani kuvuruga uso wa maji huifukuza hewa ya ukaa iliyotolewa na bakteria. Udongo ukichoka baada ya miezi kadhaa, kinyesi na mabaki ya chakula cha samaki huendelea kuwalisha bakteria walewale.