Nilivyopimiwa giaboksi ya otomatiki Nyakato, Mwanza

Kama gari yako ya otomatiki imeanza kuruka gia na umeambiwa giaboksi imekufa, kapime kwanza. Mimi niliambiwa hivyo kuhusu Toyota IST yangu. Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi (ya gia ya juu, overdrive) ilikuwa inawaka na kuzima, na nikipanda Isamilo injini inanguruma tu, gia haibadiliki, halafu inaingia kwa kishindo. Fundi mmoja wa mjini hakufungua hata boneti. Akasema nitafute giaboksi ya mtumba.

Nikaenda gereji moja ya Nyakato wanakopima kwa mashine. Nilichokipenda ni kwamba fundi hakuikimbilia hiyo mashine. Aliniuliza kwanza: "Dada, inasumbua ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Injini imewahi kuoshwa?" Akaiendesha mwenyewe hadi Igoma na kurudi ili oili ipate moto. Kijiti cha oili ya giaboksi alikichomoa injini ikiwa inawaka, gia ikiwa P, maana kwenye gari hili ukipima injini imezimwa kipimo kinakudanganya. Oili ilikuwa nyekundu, haina harufu ya kuungua. Akasema klachi za ndani huenda ni nzima. Nilipumua!

Mashine ikatoa kodi, yaani namba ya hitilafu, P0758: umeme wa solenoidi B, vali inayofungua na kufunga njia ya oili ili gia zibadilike. Mwingine angeniagizia solenoidi palepale. Yeye alisema kodi hiyo inahusu njia nzima ya umeme, waya na plagi zikiwemo, akachukua mita ya umeme. Solenoidi ikasoma omu 13 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na kwenye gari hili iliyo nzima huwa kati ya 11 na 15. Kumbe shida ilikuwa kwenye plagi ya giaboksi, pini zimeota kutu ya kijani. Akazisafisha, akafuta kodi, tukapanda Isamilo tena. Gia zikabadilika laini, moja baada ya nyingine.

Kupima nililipa 30,000, na hakuna aliyenibembeleza ninunue oili. Foleni ni ndefu na kivuli hakuna, kwa hiyo nenda asubuhi. Kinachonikera zaidi ni kwamba hawatoi karatasi ya majibu, na fundi atakayefuata ataanza upya. Niliomba waniandikie kodi na vile vipimo vya omu kwenye daftari langu, wakaandika bila kinyongo. Nawe waombe.