Draivu za zamani za kuchoma CD: uliza bafa kwanza, spidi baadaye

Yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya namba tu. Kwenye boksi waliandika 4x kubwa kama bango, nikapiga hesabu CD ya dakika 74 itaisha kwa dakika 18 na ushee, nikalipa fasta. Dakika ya 15 skrini seva ikajiwasha, kompyuta ikazubaa kidogo tu, basi, CD imekufa. Ukiigeuza unaiona kabisa ile rangi iliyokolea pale leza ilipopita, halafu inakatika ghafla, imebaki nafasi isiyofika hata upana wa kidole. Nimeua saba hivyo hivyo, sasa zinaning'inia mtini zinafukuza ndege.

Shida ni bafa. Ni kamemori ndani ya draivu kanakotunza data kompyuta inapozubaa, maana leza ikishaanza haisubiri mtu. 1x ni kilobaiti 150 kwa sekunde, kwa hiyo 4x ni 600, na yangu ilikuwa na bafa ya kilobaiti 512. Hata sekunde moja haifiki jamani!

Kwangu namba moja ni Plextor PX-W1210A ya mwaka 2000, na najua mtasema Plextor tena, maana kila siku naisifu kampuni hii, ndiyo, tena. Bafa yake MB 2 tu na inachoma 12x, ungesema najipinga, lakini ina BURN-Proof ya Sanyo: data ikikatika leza inasimama, data ikirudi inaendelea pale pale ilipoachia. Ni ya IDE, yaani inachomekwa kwenye plagi iliyomo tayari ndani ya kompyuta za zamani, husumbuki na kadi ya ziada. Angalia tu programu yako iwe inaitambua BURN-Proof na umeiwasha.

Namba mbili PX-R820T, ya Plextor pia. Ni ya SCSI (plagi nyingine, mara nyingi inataka kadi yake), 8x, bafa MB 4, una sekunde tatu na kitu za kupumua. CD-RW, zile za kufuta na kuandika tena, haichomi na wala sijali, CD-RW zinarudisha mwanga kidogo mno, redio nyingi za zamani zinaizungushaaa halafu zinagoma.

Tatu Yamaha CRW4416S, 4x kwa bafa ya MB 2, inatosha. HP 4020i ya 1995 ilisifiwa kwa kushuka chini ya dola 1,000 lakini ni 2x, CD moja dakika 37, labda kama unafungua makumbusho.

Za bei chee zenye bafa ya 512, pita.

Halafu hawa wauzaji. Wanaandika "imepimwa, nzima kabisa", kumbe wamebonyeza kitufe treya ikatoka, wakapiga picha taa, hakuna aliyechoma hata CD moja. Ya SCSI unauziwa tupu, kadi bei yake, kebo bei yake, terminata (kile kizibo cha mwisho wa kebo) bei yake, mwisho makorokoro yanazidi bei ya draivu yenyewe. Juzi nimemuuliza mmoja bafa ni ngapi, akanijibu, "Dada yangu hiyo inakimbia 8x."