Ngazi ya kupandia mashua baada ya kuogelea: ununue ipi Tanga?

Kabla hujauliza bei, jiulize kwanza: mtu aliye peke yake majini, tena amechoka, ataweza kuishusha ngazi hii kwa mkono wake? Kama hawezi, iache dukani. Ukingo wa mashua ndogo unaonekana mfupi ukiwa umekaa ndani, lakini ukiwa majini miguu haina pa kukanyaga na mikono inabeba mwili mzima. Na ukitia nanga karibu na kisiwa cha Toten siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mashua inabaki pale pale, wewe unachukuliwa na maji. Nguvu zako nyingi zinaishia kwenye kurudi tu.

Ninayoiweka mbele ya zote ni ngazi ya stenlesi ya kukunja, inayofungwa tezini, yaani nyuma ya mashua, pembeni ya usukani. Ikishushwa, vidato viwili au zaidi viwe chini ya maji. Wengi hununua fupi kwa kuhurumia pesa, kisha goti haliwezi kufika kidato cha kwanza. Chagua vidato vipana na bapa, maana bomba jembamba linaumiza nyayo. Stenlesi ya daraja la 316 inastahimili chumvi kuliko ya daraja la 304. Nenda na sumaku: ikinata kwa nguvu, hiyo si mojawapo ya hizo mbili, na kutu itaanza mapema. Sumaku haitenganishi 316 na 304, kwa hiyo muulize muuzaji au fundi wa kuchomelea akuonyeshe alama ya bomba. Ifungwe kwa bolti zinazopita mpaka ndani, na bamba nyuma yake; skrubu peke yake zitang'oka. Chini ya ngazi funga kamba fupi inayoning'inia karibu na maji, ndiyo utakayoivuta ukiwa unaogelea. Kusi ikivuma, tezi hupanda na kushuka, basi subiri ishuke ndipo ushike.

Ya pili ni ngazi ya kamba yenye vidato vya mbao. Ni nafuu, haichukui nafasi. Tatizo lake ni kwamba ukiikanyaga inaingia chini ya mashua, miguu inatangulia na mgongo unalala nyuma. Funga uzito chini yake na uining'inize tezini, si ubavuni.

Kwa kidau kinacholala upesi, kitanzi cha mkanda wa kufungia mizigo kinatosha, mradi upitishe kipande cha bomba la plastiki pale pa kukanyagia, la sivyo kitaubana mguu. Kitundike tezini.

Ngazi za plastiki za kutundika kwa ndoano siziungi mkono. Wimbi likipiga, ndoano inachomoka, na aliye majini hana wa kumrudishia.

Ongeza pia kamba ndefu ya kuachia nyuma ya mashua, yenye boya mwishoni. Chukua ya polipropilini, inaelea. Ya nailoni inazama.

Ukishainunua ngazi, ijaribu Raskazone maji yakiwa shwari, mwenzako akiwa ndani ya mashua. Vaa jaketi okozi unapojaribu, kwa sababu unene wake ndio unaokwama kwenye ukingo. Watoto na wazee wa nyumbani wapande pia. Mmoja akishindwa, mwambie fundi aongeze kidato cha chini.