Huduma ya kuhamisha matairi ya Toyota IST: niliyoyaona Tabata

Gari langu ni Toyota IST linalovutwa na magurudumu ya mbele, na wiki mbili zilizopita nililipeleka katika duka la matairi lililoko Tabata, Dar es Salaam, karibu na Barabara ya Mandela, ili matairi yabadilishwe nafasi baada ya kutembea kilomita 14,000 bila kuguswa. Nililipa shilingi 20,000 kwa magurudumu manne pamoja na balansi, yaani kusawazisha uzito wa kila gurudumu, na kazi ilichukua saa moja na dakika chache. Nimeridhika na kazi yenyewe, isipokuwa jambo moja nitakalolitaja.

Fundi hakuanza na jeki. Kwanza aliinama akakagua ubavu wa kila tairi kutafuta mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka, kwa sababu tairi lenye mshale halivushwi upande wa pili wa gari. Huhamishwa mbele na nyuma upande uleule tu. Yangu hayakuwa na mshale. Kisha alipima kina cha kashata (nakshi za mpira zinazogusa barabara) za kila tairi sehemu tatu, yaani ndani, katikati na nje, huku akinisomea namba kwa sauti: ya nyuma yalikuwa na milimita 6.5, ya mbele milimita 4, na bega la nje, yaani ukingo wa kashata, la tairi la mbele kushoto lilikuwa limeshuka hadi 3.5.

"Umechelewa kidogo, dada," aliniambia. "Ungekuja kwenye kilomita 8,000 yasingepishana hivi."

Katika gari la aina hii matairi ya mbele hubeba uzito wa injini na giaboksi, huvuta gari, hukata kona na hupokea sehemu kubwa ya nguvu ya breki, wakati ya nyuma kwa kiasi kikubwa yanafuata tu. Kwa hiyo ya mbele huisha mapema. Ukisubiri mpaka yakaribie kipara ndipo uyapeleke nyuma, unalipatia gari mgongo usioshika barabara, na kwenye lami yenye maji ya masika nyuma ikiteleza ni vigumu sana kwa dereva wa kawaida kulirudisha gari kwenye mstari. Ndiyo maana kazi hii hufanywa wakati tofauti ya kina bado ni ndogo. Fundi alinieleza hayo kabla ya kufungua nati hata moja, akaniuliza kama niko tayari kuendelea, na mimi nikakubali kwa kuwa milimita 4 bado inatosha.

Matairi ya mbele yalirudi nyuma moja kwa moja, kila moja upande wake, na ya nyuma yakaja mbele kwa kuvuka: la kulia likafungwa kushoto na la kushoto likafungwa kulia. Huo ndio mpangilio unaofaa gari linalovuta kwa mbele.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni ukazaji wa nati, kwa kuwa nina kumbukumbu mbaya. Mwaka jana gereji nyingine ilizikaza kwa mashine ya upepo pekee, na nilipopata pancha Mdaula, njia ya Morogoro, spana ya gari haikuweza kufungua hata moja hadi utingo wa lori alipokuja na bomba la chuma la kurefushia mpini. Hapa Tabata kila nati ilianzishwa kwa vidole, ikakazwa kwa kukingamanisha, yaani kutoka nati moja kwenda ya upande wa pili, kisha gari likashushwa chini na kumaliziwa kwa spana ya kipimo, inayolia ikifika nguvu iliyowekwa, ambayo kwa gari hili ni nyutonimita 103. Baada ya hapo alisoma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva na kupanga upya upepo wa mbele na wa nyuma, hatua ambayo mafundi wengi huiruka ingawa tairi limeshabadilisha kazi.

Kuhusu lile bega lililolika, alisema wazi kwamba kuhamisha tairi kunagawanya ulaji lakini hakuondoi chanzo, na kwamba gari linahitaji alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, ambayo wao hawana mashine yake. Ninaheshimu fundi anayekubali mpaka wa kazi yake. Lawama yangu ni kwamba vipimo vyote alivyovisoma havikuandikwa popote. Risiti ilikuwa na bei tu, na kama nisingeviingiza kwenye simu, safari ijayo tungeanza upya bila kujua tairi lipi limepungua kwa kiasi gani.

Niliambiwa nirudi baada ya kilomita 100 ili nati zikaguliwe. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, sikutozwa kitu, na nati moja ya gurudumu la nyuma kushoto ilisogea kidogo kabla spana haijalia. Nyingine zote zilikuwa mahali pake.