Bandcamp kwa macho ya mwenye mkono wa birika

Niseme mapema ili ujue unasoma maoni ya nani: mimi ni bahili. Nasoma risiti mstari kwa mstari nikiwa bado nimesimama kaunta, na walio nyuma yangu kwenye foleni wanajua. Kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya watu wengine, na nikiwa kazini siwezi kusikiliza nyimbo zenye maneno. Mwimbaji akisema lake na mwandishi akisema lake, mimi nabaki katikati sijui nani kakosea koma. Kwa hiyo nasikiliza ala tupu: piano, kinanda, gitaa la mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Muziki wa namna hiyo umejaa Bandcamp, duka la mtandaoni ambako wanamuziki huuza kazi zao wenyewe, na mwingi wake hauna bei. Una kisanduku kitupu na maneno yanayokwambia utaje bei mwenyewe.

Nimekizoea kisanduku hicho kiasi cha kuwa na msimamo. Huduma ni nzuri na naipendekeza. Ila huo utaratibu wa kutaja bei unafanya kazi vizuri pale tu msanii anapokuwa amepanga kima cha chini. Sifuri, ambayo wengi huiona ndiyo ukarimu wenyewe, ndiyo sehemu yake dhaifu.

Kwa asiyewahi kufika huko: Bandcamp ilifunguliwa mwaka 2008. Msanii anatengeneza ukurasa wake, anapandisha nyimbo zake na kupanga bei bila kumwomba mtu ruhusa. Anaweza kuweka bei moja isiyosogea. Anaweza kuweka kima cha chini na kumwachia anayetaka kuongeza aongeze. Au anaweza kuweka sifuri kwenye kima cha chini, na hapo ndipo unapokutana na kisanduku kitupu. Kwa kawaida unaweza kusikiliza kwanza bila kulipa. Ukiamua kuchukua, unaandika kiasi, unalipa kwa kadi au PayPal, kisha unachagua aina ya faili: MP3 kwa simu iliyojaa, FLAC kwa wenye masikio ya gharama, WAV na nyinginezo. Faili ni lako. Unalinakili popote, unalicheza kwa programu yoyote, na hakuna ada ya mwezi inayokunyemelea. Kwa mtu wa aina yangu hilo peke yake linatosha kunirudisha.

Ukiandika 0, muziki unaupata vilevile. Wasanii wengine huomba kwanza barua pepe yako, jambo ambalo naliona ni haki kabisa. Lakini kuna tofauti ambayo haitangazwi kwa sauti: albamu uliyoichukua kwa sifuri haiingii kwenye mkusanyiko wa akaunti yako. Ukilipa chochote, hata kidogo, inaingia, unaweza kuisikiliza kwenye programu yao ya simu, na picha yako inajipanga pamoja na za wengine waliomuunga mkono msanii yule, chini ya albamu yake. Kiasi ulichotoa hakionyeshwi. Aliyebuni hili anawajua mabahili: ametupa sababu ya kutoa kidogo bila kutuaibisha kwa udogo wake.

Tatizo linakuja kabla ya kuandika tarakimu yoyote. Mbele ya kisanduku kitupu najihisi kama mtu aliyekuta bidhaa imeandikwa "bei maelewano" halafu muuzaji hayupo. Nielewane na nani? Nikiandika 0 naona haya, maana jina la yule mpiga piano liko juu pale na pengine picha yake pia. Nikiandika 10 moyo unauma, kwa sababu hakuna aliyeniambia kuwa 10 ndiyo inayostahili. Basi nafanya lile ambalo hakuna hesabu ya mauzo inayoweza kulirekodi: nafunga ukurasa na kuondoka. Sikuchukua bure wala sikulipa. Albamu zilizoandikwa "dola 5 au zaidi" hazijawahi kunisumbua hivyo. Pale nimeshaambiwa mlango uko wapi, na nikiwa nimeufurahia muziki naandika 6 au 7 bila kubembelezwa.

Usidhani ni mimi peke yangu. Kabla ya Bandcamp kulikuwa na Magnatune, duka la muziki la mtandaoni lililoanzishwa na John Buckman mwaka 2003. Pale mnunuzi alichagua mwenyewe kati ya dola 5 na 18 kwa albamu, bei elekezi ikiwa dola 8, na nusu ya malipo ilikwenda kwa msanii. Watafiti wawili, Tobias Regner na Javier Barria, walichambua manunuzi ya duka hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Wastani ulikuwa dola 8.20. Yaani watu walioruhusiwa kabisa kulipa 5 walivuka hata ile bei elekezi. Nilipolisoma hilo nilijisikia nafuu kidogo, kama bahili aliyegundua kuwa ubahili wake una wenzake na wote wanalipa 8.

Sasa weka kando ya hilo habari ya Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani. Mwishoni mwa 2007 alitoa albamu iliyotayarishwa na Trent Reznor wa bendi ya Nine Inch Nails, ukichagua kati ya mawili: uichukue bure, au ulipe dola 5 na upate faili zenye ubora zaidi. Januari 2008 Reznor akaweka hesabu hadharani, jambo ambalo wanamuziki hulifanya kwa nadra. Walioipakua walikuwa 154,449. Waliolipa walikuwa 28,322, sawa na asilimia 18.3. Hakuficha kwamba ilimvunja moyo. Mimi naitazama hesabu ile na kuona kitu kingine: sifuri ilipowekwa kando ya 5, tano ikageuka mchango. Kule Magnatune, ambako tano ilikuwa ndiyo mwanzo, tano ilikuwa bei.

Najua unangoja niwataje Radiohead, bendi ya Uingereza. Kila mjadala wa jambo hili lazima upitie kwao, nami napita haraka. Albamu yao In Rainbows ilitoka tarehe 10 Oktoba 2007 kwenye tovuti yao, mnunuzi ataje bei, na mlango ukafungwa Desemba. Kampuni ya comScore, inayopima matumizi ya mtandao, ilikadiria kuwa asilimia 62 ya waliopakua hawakulipa kitu, bendi ikayakana makadirio hayo, na ubishi haujaisha mpaka leo. Kinachosahaulika ni vile vilivyokizunguka kisanduku. Faili zilikuwa MP3 za kilobiti 160 kwa sekunde, ubora wa kawaida tu. Pembeni yake kulikuwa na boksi la pauni 40 lenye santuri na CD, kwa mashabiki wasioweza kujizuia. Na CD ya madukani ilipofika, ikashika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Kwa bendi yenye boksi la pauni 40 na jina linalojulikana dunia nzima, sifuri ni tangazo. Mpiga piano wangu wa chumbani hana boksi la kumuuzia mtu.

Anayenivutia zaidi ni Jane Siberry, mwimbaji wa Kanada, aliyeanza mpango wake wa mnunuzi kutaja bei mwaka 2005, Radiohead wakiwa bado hawajafika huko. Ukifika kwake ulipewa njia kadhaa: ulipe bei ya kawaida, utaje yako sasa hivi, utaje yako baadaye ukishasikiliza, au uuchukue wimbo kama zawadi kutoka kwake. Ile ya baadaye ndiyo inayonigusa. Thamani ya albamu ya kufanyia kazi siijui siku ya kwanza. Naijua wiki kadhaa baadaye, pale ninapojikuta naifungua tena bila kufikiri. Bandcamp haina kitufe cha namna hiyo. Unaweza kurudi mwenyewe ukalipe, kweli, lakini nani anarudi? Kumtegemea bahili ajikumbushe deni lake ni kumpa fisi bucha.

Kuna kisa kimoja kinachonipinga, na sitakificha. Mwaka 1980 Keith Green, mwimbaji wa nyimbo za Kikristo huko Marekani, alitoa albamu yake mpya kwa kiasi chochote ambacho mtu angemudu, hata bila kitu. Kufikia Mei 1982 zilikuwa zimesafirishwa nakala zaidi ya 200,000, na 61,000 kati yake zilitolewa bure. Hakukuwa na kima cha chini, na bado walio wengi walitoa kitu. Maelezo yangu ni kwamba watu wale walikuwa na imani moja na mwimbaji, na walikuwa wamezoea kutoa sadaka. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Sawa, lakini moyo wa mtu na mhubiri wake haufanani na wa mtu na mgeni aliyempata saa nane usiku akitafuta kitu cha kumsaidia kumaliza kazi.

Turudi kwenye huduma, kwenye makato. Bandcamp inachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na asilimia 10 ya bidhaa kama santuri na fulana. Msanii akifikisha mauzo ya dola 5,000 ndani ya mwaka, kwenye muziki wa kidijitali nako inashuka hadi 10. Juu yake kuna makato ya kuchakata malipo, na hayo ndiyo yanayoumiza vijisenti: kadiri unavyotoa kidogo, ndivyo sehemu kubwa ya kidogo hicho inavyoliwa njiani. Wenyewe wanasema kwa wastani asilimia 82 humfikia msanii. Kwa duka la mtandaoni sioni cha kulalamikia. Kisha kuna Bandcamp Friday, siku maalumu ambazo kampuni inasamehe mgawo wake. Zilianza tarehe 20 Machi 2020, korona ilipofunga kumbi za maonyesho, na siku ile ya kwanza mashabiki walitumia dola milioni 4.3. Mimi hujaza orodha yangu na kungoja Ijumaa hizo, kwa sababu dola yangu ileile inafika imenenepa zaidi na mimi sijaongeza kitu. Ni furaha ambayo mabahili wenzangu wataielewa.

Jambo lingine ambalo wasikilizaji wengi hawalijui ni kwamba sifuri ina gharama kwa msanii. Kila mwezi anapewa nafasi 200 za watu kupakua bure. Zikiisha, anayetaka kuendelea kugawa inabidi anunue nyingine. Kwa hiyo msanii mchanga aliyeweka sifuri, akapendwa ghafla, anaweza kujikuta analipia kupendwa kwake.

Wapo watakaosema kima cha chini kinawafungia nje wasio na uwezo. Hoja hiyo naiheshimu, na naiongezea nguvu: wapo wenye pesa mfukoni lakini hawana kadi wala PayPal, na Bandcamp haijawafikiria vya kutosha. Dawa ipo ndani ya duka hilohilo. Msanii anaweza kutoa misimbo ya kupakulia bure na kumpa amtakaye. Anaweza pia kuweka wimbo mmoja kwa sifuri na albamu nzima kwa bei. Anayeomba atapewa, na sisi wengine tutaambiwa tuanzie wapi.

Onyo moja kabla hujafungua akaunti: pakua ulichonunua na ukihifadhi kwako. Bandcamp iliuzwa kwa Epic Games, kampuni ya michezo ya video, mwaka 2022, ikauzwa tena kwa Songtradr, kampuni ya leseni za muziki, mwaka 2023, na karibu nusu ya wafanyakazi hawakuvuka na kampuni kwenda kwa mmiliki mpya. Kurasa zinafanya kazi kama zamani na kisanduku kipo palepale. Lakini duka lililobadilisha mikono mara mbili ndani ya miaka miwili silikabidhi ghala langu. Faili zangu ziko kwenye diski, na nakala ya diski iko kwenye diski nyingine.

Kama wewe ni mwanamuziki na umefika hapa: weka dola 3 au 5, ruhusu kuongeza, na chini ya albamu andika mistari miwili kuhusu ulivyoirekodi na ulitumia nini. Mistari ile miwili ndiyo hunitoa dola ya ziada kila mara. Kama wewe ni msikilizaji, sikiliza kwanza mpaka mwisho, halafu andika tarakimu upesi kabla hujaanza kujadiliana na nafsi yako.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia mpaka waweke kitufe cha kulipa baadaye.