Kolibri, projekta na video za dakika sita: uzoefu wangu wa kufundisha sayansi bila intaneti

Ninatumia Kolibri, programu ya kuhifadhi na kuonyesha masomo, kufundishia fizikia na ufundi wa vyuma upande wa Isingiro, Uganda, ambako dawati moja linaweza kuwa na mtoto anayezungumza Runyankole, wa pili Kinyarwanda, wa tatu Kiswahili cha Kongo. Vifaa vyangu ni Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani), projekta ya LED, spika ndogo na betri ya sola. Programu yenyewe naipa alama za juu. Lakini kuhusu video fupi, neno langu kubwa ni hili: video hufundisha pale inaposimamishwa. Ikichezwa mfululizo hadi mwisho, wanafunzi hutoka wakidhani wameelewa, na kudhani huko ndiko kunakowagharimu kwenye mtihani.

Kolibri imetengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Ni ya bure. Unaiweka kwenye Windows, Linux au Android, unaingiza masomo mara moja tu penye mtandao au kutoka kwenye flashi ya mwenzako aliyekwisha kuyapakua, na baada ya hapo huhitaji bando. Vifaa vingine vinaingia kwa kivinjari, kwa anwani ya mashine yako ikifuatwa na :8080. Ndani utakuta chaneli za Khan Academy, CK-12, PhET na MIT BLOSSOMS, pamoja na nyingine nyingi. Usiingize chaneli nzima! Ile ya Khan Academy ya Kiingereza peke yake inakula makumi ya gigabaiti. Fungua chaneli, weka tiki kwenye mada za muhula huu, basi. Video 30 za MB 25 kila moja hazifiki hata GB moja.

Ukiwa na video zako mwenyewe, zipunguze kwanza. Dakika sita kwa kiwango cha 1080p, kwenye megabiti 2.5 kwa sekunde, ni kama MB 112. Zipitishe kwenye HandBrake, programu ya kubadili ukubwa wa video, kwa 480p, kilobiti 500 za picha na 64 za sauti, zinashuka hadi MB 25 hivi. Kwa mtoto aliye mstari wa nyuma tofauti haionekani, ila grafu yenye maandishi madogo iache kwenye 720p.

Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichapisha uchambuzi wa video za masomo kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, watazamaji wakiwa wamezifungua mara milioni 6.9. Walikuta kwamba hata video iwe ndefu vipi, muda wa kati wa kuitazama haukuzidi dakika sita. Kabla ya hapo, mwaka 2008, Derek Muller alikuwa ameonyesha jambo zito zaidi katika tasnifu yake ya udaktari, Chuo Kikuu cha Sydney. Wanafunzi waliopewa maelezo yaliyonyooka walisema yanaeleweka vizuri, ila majibu yao hayakubadilika sana. Walioonyeshwa kwanza mawazo potofu yakijadiliwa waliona video ni ngumu, na ndio waliojifunza zaidi. Hili ndilo lililobadilisha namna ninavyofundisha. Sasa sionyeshi tokeo lolote kabla kila mwanafunzi hajaandika ubashiri wake kwa kalamu ya wino. Wakiandika kwa penseli, wanafuta.

Ndiyo maana kati ya chaneli zote naipenda MIT BLOSSOMS. Masomo yake yamekatwa vipande: mwalimu wa kwenye video anatoa swali au kazi, video inasimama, mwalimu wa darasani anaongoza, kisha video inaendelea. Mwishoni kuna kipande cha kumwelekeza mwalimu, kitazame wewe mwenyewe jana yake. Muundo huo unakaa vizuri ndani ya kipindi pacha cha dakika 80, na unaendana na mtaala wa sekondari wa NCDC, kituo cha taifa cha mitaala cha Uganda, ulioanza mwaka 2020, unaotaka mwanafunzi atende, siyo anakili. Mgawanyo wangu: video isizidi dakika 12 kwa jumla, kwa vipande vya dakika tatu au nne, na muda wote uliobaki ni mikono yao.

Video bora kabisa kwa kufundishia fizikia, kwa maoni yangu, ni ile mnayopiga wenyewe kwa simu. Chukueni anguko huru. Chungwa linafaa: ni zito, linaonekana mbali, linapatikana. Mpira wa mifuko ya plastiki haufai, hewa inaukinga. Rula ya mita isimame wima, simu iwe umbali wa mita mbili, kwa kimo cha katikati ya rula, imeegemezwa, isishikwe. Kabla ya kucheza video waulize: katika kila sehemu ya kumi ya sekunde, chungwa litashuka umbali uleule, au umbali utaongezeka? Wengi huandika uleule.

Ifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza herufi E, picha inasogea fremu moja moja. Kwa fremu 30 kwa sekunde, fremu tatu ni sekunde 0.1. Likianza kutoka tuli, chungwa litakuwa limeshuka sentimita 4.9, 19.6, 44.1 na 78.4. Toa moja kwa nyingine, unapata hatua za 4.9, 14.7, 24.5 na 34.3. Toa tena, kila mara unapata 9.8. Igeuze iwe mita, gawa kwa 0.01 (yaani 0.1 mara 0.1), na hapo ubaoni inasimama 9.8, mchapuko wa uvutano, ambayo hakuna aliyeikariri. Uzuri wa kutoa mara mbili ni kwamba hata mkono ukiachia chungwa katikati ya fremu mbili, jibu haliharibiki. Anayepima kutoka sifuri ndiye anayeumia.

Mkipata kama 10.8, tazameni rula ilikuwa wapi. Rula ikiwa sentimita 20 nyuma ya chungwa, na simu ipo mita mbili, kila umbali unasomeka asilimia 10 zaidi. Iwekeni sambamba na njia ya chungwa. Picha ikiwa na ukungu, tatizo ni mwanga: ndani ya darasa simu huacha kamera wazi kwa muda mrefu, na chungwa lenye kasi ya mita 4 kwa sekunde, kwa muda wa 1/60 ya sekunde, huchora mstari wa karibu sentimita 7. Tokeni nje juani. Simu pia hubadili idadi ya fremu yenyewe, kwa hiyo pitisha faili kwenye HandBrake na uchague fremu zisizobadilika, 30.

Lugha. UNEB, baraza la mitihani la Uganda, inatahini kwa Kiingereza, kwa hiyo istilahi za mtihani huwa naziacha kama zilivyo, ila maelezo nayaandikia manukuu ya Kiswahili. Ni faili la kawaida la .srt, unaliandika kwa Notepad na kulipa jina lilelile la video, VLC inalichukua yenyewe. Kila nukuu liwe na mistari miwili, herufi 40 kila mmoja, na likae kwenye skrini angalau sekunde tatu. Sentensi ya Kiswahili mara nyingi huwa ndefu kuliko ya Kiingereza, basi fupisha, usitafsiri neno kwa neno. Hifadhi kwa UTF-8, la sivyo alama ya Ω na ya digrii zitageuka takataka. Manukuu yana faida nyingine: mvua ikianza kupiga mabati, hakuna spika itakayoishinda, na somo linaendelea.

Umeme nilikokotoa hivi. Betri ya asidi ya 12 V, Ah 100, usitumie zaidi ya nusu: Wh 600. Inveta inakula kama asilimia 15, zinabaki 510. Projekta W 65, Raspberry Pi W 6, spika W 10, jumla W 81, yaani saa sita na kidogo. Lakini paneli ya W 100, kwa saa tano za jua zuri na upotevu wa asilimia 30, inarudisha Wh 350 tu kwa siku, ambazo ni saa nne. Panga kwa saa nne. Voltimita ikisoma 12.2 betri ikiwa imepumzika, zima.

Kwa projekta, usiamini lumeni zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Tafuta zenye neno ANSI, yaani zilizopimwa kwa kipimo sanifu. Kama mwanga hautoshi, sogeza projekta karibu: picha ya upana wa mita 1.4 inang'aa mara mbili ya ile ya mita 2. Ila ina gharama yake. Mwanafunzi wa mwisho asikae mbali zaidi ya mara sita ya kimo cha picha, na hapo ni mita 4.7, kwa hiyo darasa kubwa ligawe makundi mawili. Ziba madirisha yaliyo karibu na ukuta wa picha, ya nyuma yaache wazi wapate hewa na mwanga wa kuandikia.

Raspberry Pi inataka chaja yake ya 5 V, ampea 3. Kwa chaja ya simu, alama ya radi inatokea kwenye skrini, na umeme ukikatika ghafla memori kadi huharibika. Weka kadi ya pili iliyonakiliwa tayari. Kwa maabara yenye kompyuta zaidi ya kumi, usitegemee Wi-Fi ya ndani yake, unganisha ruta ndogo.

Kwenye ufundi, video ina kazi ambayo hakuna kitu kingine kinaifanya. Anayechomelea vyuma ndiye peke yake anayeona dimbwi la chuma kilichoyeyuka. Walio pembeni huona mwanga tu. Bandika kioo cha kuchomelea namba 10 mbele ya kamera, na darasa zima litaliona. Kupitia kioo hicho simu haioni chochote kabla moto haujawaka, hivyo kamera huhangaika kutafuta. Tumia Open Camera: funga fokasi kwenye ncha ya rodi kwanza, umbali wa sentimita 40, ndipo uweke kioo. Rodi ya mm 2.5, ampea 70 hadi 90, bamba la mm 4. Walio karibu wote wavae barakoa za kuchomelea. Macho yaliyopigwa na mwanga huo huanza kuuma saa kadhaa baadaye, mtu akiwa keshafika nyumbani.

Darasani, ndani ya VLC, punguza kasi kwa kubonyeza [ mpaka robo, kisha simamisha. Chuma kinatiririka laini kama kioo nyuma ya ncha, na slagi, yaani takataka iliyoyeyuka ya ganda la rodi, inaelea juu yake ikifuata. Waulize ipi ni ipi, waandike. Endelea hadi mahali slagi inapoipita ncha, kwa sababu ampea ni ndogo au mkono unakwenda polepole, simamisha tena, waulize kitakachobaki ndani ya ungio likipoa. Kisha walete bamba lenyewe, walikate kwa msumeno hapohapo mkono ulipochelewa, na kishimo cheusi cha slagi watakigusa kwa ukucha.