Hita inaota chokaa: nunua nini kwanza, na sumaku uiweke nafasi gani

Koili ya hita yangu iliungua mara mbili ndani ya miezi 18. Mara ya pili fundi aliichomoa nikiwa nimesimama pale pale, akailaza juu ya gazeti. Ilikuwa imevaa ganda jeupe lililochakaa kama muhogo mkavu, nene kama kidole changu cha mwisho. Akakamulia ndimu, ganda likatoa povu. "Mama, hii ni chokaa ya kisima chako," akasema. Kilichoniuma ni kwamba kwenye bomba lililoingiza maji humo zilikuwa zimefungwa sumaku mbili, nilizouziwa ili chokaa hiyo isije kabisa.

Naishi Tororo, mashariki mwa Uganda, mji uliopata kiwanda cha saruji kwa sababu mawe ya chokaa yapo hapa hapa, na natumia kisima kirefu. Ukiwa Kampala, Entebbe au Jinja na maji yako yanatoka ziwani Victoria kupitia bomba la mji, weka pesa yako mfukoni. Maji ya ziwa hilo ni laini, na anayekuuzia kifaa cha chokaa huko anakuuzia dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Mwenye kisima apime kwanza. Chukua chupa mbili safi, moja utie maji ya kisima, nyingine maji ya mvua, kiasi sawa. Kwangulia kila moja sabuni ya kipande kiasi kile kile (si ya unga, hiyo hutoa povu hata kwenye maji magumu), kisha tikisa. Ya mvua itajaa povu. Ya kisima ikibaki na utando mweupe mchafu juu, una maji magumu. Ukitaka namba, peleka maji maabara waseme ugumu ni miligramu ngapi kwa lita: chini ya 60 ni laini, zaidi ya 180 ni magumu sana. Ugumu wenyewe hauna sumu. Unaumiza vyombo tu.

Maji hayo yamebeba kalsiamu iliyoyeyuka. Yakipashwa moto, gesi ya kaboni iliyokuwa inaishikilia inatoka, kalsiamu inageuka jiwe na kuganda mahali penye moto mkali zaidi, yaani kwenye koili. Maji yenye miligramu 200, ukitumia lita 150 za moto kwa siku, yanapitisha gramu 30 za chokaa kila siku. Si zote zitaganda, lakini fikiria mwaka mzima. Tena usidanganywe kwamba ganda linakula umeme wako wa Yaka (ule wa kulipia kabla): koili imezama ndani ya maji, joto lake halina pa kwenda ila majini. Ganda linaizuia koili kupoa, inajichoma yenyewe.

Ninachokiweka nafasi ya kwanza ni tangi la maji ya mvua lenye bomba lake linaloelekea kwenye hita peke yake. Maji ya mvua karibu hayana chokaa. Paa la mabati la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 10 linakupa lita 500 kasoro kidogo, na sisi wa mashariki tuna misimu miwili. Acha maji ya mwanzo yaoshe paa kabla hujayaingiza tangini. Maji laini hula chuma kidogo, kwa hiyo mwambie fundi aitazame fimbo ya magnesiamu iliyo ndani ya hita, ambayo huliwa badala ya tangi, kila mwaka, na ikiisha aibadilishe. Kiangazi maji yakikata, rudi kisimani bila hofu. Umeshaokoa miezi mingi.

Sambamba na hilo, weka hita kwenye nyuzi 60. Juu ya hapo chokaa inaganda kwa kasi. Chini ya hapo vijidudu vinaweza kuzaliana tangini. Halafu safisha mara moja kwa mwaka: zima umeme kwenye swichi kuu, mwaga maji, toa koili uiloweke kwenye siki au maji ya asidi ya sitriki hadi povu liishe. Jik (dawa ya klorini ya kufulia) isikaribie asidi hiyo hata tone. Gesi inayotoka inaua.

Mwenye vyumba vya wageni, ambaye tangi la mvua halimtoshi, anunue mashine ya kulainisha maji kwa chumvi. Hii inaondoa kalsiamu kweli: chembe zake zinaishika na kuachia sodiamu badala yake, kisha chumvi inaziosha zifanye kazi upya. Ni ghali na inataka kulishwa. Usiipe chumvi ghafi ya Katwe, ina udongo na madini mengine. Tafuta chumvi safi ya chembe. Na maji ya kisima yakigeuka rangi ya kahawia yakitulia, hayo yana chuma, ondoa chuma kwanza, la sivyo utaziua zile chembe. Kila miligramu 100 za ugumu zinakuachia karibu miligramu 46 za sodiamu kwenye lita, hivyo bomba la maji ya kunywa lisipitie humo, hasa nyumbani kukiwa na mtu wa presha.

Chujio lenye chembe za polifosfati, kemikali inayozuia chokaa kuganda, ni rahisi na linafaa shawa ndogo ya umeme. Kwenye hita ya tangi yenye moto mkali nguvu yake inavunjika.

Nafasi ya mwisho ni sumaku, pamoja na visanduku vya umeme vyenye waya unaozungushwa kwenye bomba. Haviondoi hata chembe moja. Wauzaji wanasema vinabadili umbo la fuwele zisigande, na ni kweli yapo majaribio ya maabara yaliyoona mabadiliko, hasa maji yakizungushwa tena na tena. Nyumbani maji yanapita mara moja tu. Jeshi la Marekani lilipima vifaa vitatu vya aina hii kwenye mitambo ya maji moto, na ripoti yake ya mwaka 2001 haikuona tofauti ya wazi na bomba lisilo na kitu. Bomba lako likiwa la chuma, uga wa sumaku unaishia kwenye chuma chenyewe.

Muuzaji akikuonyesha jirani anayeshuhudia, uliza: alibadilisha koili siku hiyo hiyo? Alianza kutumia mvua? Kipimo cha ugumu hakitakusaidia hapo, maana kifaa hakigusi namba hiyo. Dai akuandikie kwamba baada ya miezi 6 koili itafunguliwa mbele yenu wote wawili, na ikiwa na ganda anarudisha pesa yote. Mimi nilipomwomba wangu hivyo kwa sumaku za pili, aliacha kupokea simu.